Katamarani ya safari ya kujiundia Unguja na Pemba: aina tatu, mwendo wake na gharama zake

Kama umeshaamua unataka katamarani ya safari, yani chombo cha matanga chenye mabodi (viwiliwili vinavyoelea) mawili yaliyounganishwa, ya kulala ndani, ya kwenda Pemba na Mafia na pengine Ngazija, na umeshaona bei ya iliyotoka kiwandani haikamatiki, basi imebaki kuunda mwenyewe. Hapo ndo watu wengi wanapokwama, mana michoro ni mingi na kila anaeuza mchoro anasema wake ndo unaokimbia na ndo rahisi. Nimezichukua aina tatu ambazo kweli mtu anaweza kuziunda nyuma ya nyumba au pwani chini ya banda la makuti, za urefu wa futi 28 mpaka 38.

Ya kwanza ni ya mtindo wa Wharram, mchoraji wa katamarani: mabodi mawili membamba yenye umbo la V, yamefungwa na boriti kwa kamba, katikati ni sitaha wazi. Ya pili ni ya plaiwudi yenye nyumba katikati, mabodi manene zaidi na chini kuna mikuku mifupi, yani mapezi ya chini ya bodi, isiyopanda wala kushuka. Ya tatu ni ya povu gumu lililobanwa na faiba pande mbili, nyepesi, na ina daga, yani mbao mbili ndefu unazozishusha majini ukitaka kubisha, yani kwenda kule upepo unakotoka, na kuzipandisha ukifika kwenye maji machache.

Mizani ya kupimia

Cha kwanza ni kubisha, na ntakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika. Kwenda na upepo wa nyuma katamarani zote tatu zinakwenda vizuri. Sasa chukua Nungwi, kaskazini ya Unguja, mpaka bandari ya Mkoani, Pemba, kama maili 30 za bahari hivi, unaelekea kaskazini mashariki, na wakati wa kaskazi upepo unatoka huko huko unakokwenda. Chombo kinachoweza kushika digrii 45 na upepo kikienda noti 6 (maili 6 za bahari kwa saa), ukweli ni kwamba kinaisogelea Mkoani kwa noti 4 na kidogo, basi masaa 7 umefika. Chombo kinachosukumwa ubavuni mpaka njia yake halisi ikawa digrii 60, kwa noti 6 zile zile kinasogea noti 3 tu, masaa 10. Mkitoka pamoja saa 12 asubuhi mmoja anakula chakula cha mchana gatini, mwengine anafika saa 10 jioni, na akichelewa kutoka masaa mawili tu basi anatafuta mlango wa mwamba na jua linazama. Hiyo ndo tofauti ya digrii 15, na hapo sijatia mkondo. Mkondo wetu unakwenda kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi unakazana, kwa hivo kwenda unakusaidia, ukirudi kutoka Pemba na kusi inavuma unakula katika zile noti chache ulizokuwa nazo, na asiyeweza kubisha ndo anaeumia zaidi.

Cha pili ni mwendo ukiwa na mzigo. Chombo cha bodi moja chenye urefu wa futi 30 kwenye maji kinagonga ukuta kwenye noti 7 hivi, mana kinanaswa na wimbi lake mwenyewe. Katamarani inapita ukuta huo kwa sababu mabodi yake ni membamba, ila ikiwa nyepesi tu. Kuna hesabu moja ya zamani ya kujua kama mchoro unakimbia: chukua eneo la matanga kwa futi za mraba utafute kipeuo cha pili, gawa kwa kipeuo cha tatu cha uzito kwa pauni. Katamarani ya matanga mita za mraba 45 na uzito tani 3 inatoka 1.17, ambayo ni nzuri kwa safari. Tia tani moja ya maji, mafuta, vyombo vya jikoni, nanga mbili na jamaa, inashuka mpaka 1.07. Ikikaribia 1 unayo nyumba inayoelea, na ikipita 1.3 hicho ni chombo cha mbio na inabidi uwe macho muda wote. Ukiletewa mchoro uliza uzito ukiwa umepakia, ule wa kwenye karatasi chombo kikiwa kitupu haukusaidii kitu.

Cha tatu ni kupwelewa, yani kukaa chini maji yakipwa. Kwetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka karibu mita 4, kwa hivo chombo kinachokaa sawa juu ya mchanga hakihitaji chelezo wala kreni, unakiweka maji yakijaa, yakipwa unasugua na kupaka rangi, maji yakirudi unaondoka. Hilo ni jambo kubwa kwa mfuko wako kwa miaka yote utakayokuwa nacho.

Cha nne ni gharama, na hapa kuna mambo mawili. Moja, bei inafuata uzito, haifuati urefu. Futi 38 ukiiangalia kwenye karatasi ni kubwa kidogo kuliko futi 30, lakini vitu vikikua vinakua pande zote tatu, ukizidisha unapata mara mbili ya uzito, na mara mbili ya uzito ni mara mbili ya mbao, gundi, matanga, kamba, nanga, kila kitu. La pili, wajenzi wengi wanakubaliana kwamba mabodi matupu ni kama theluthi tu ya pesa yote, zilobaki zinakwenda kwenye mlingoti, matanga, mashine, nanga, pampu, umeme, magodoro, rangi. Mtu akimaliza mabodi anadhani amekaribia kumbe ndo kwanza yuko njiani, na ndo mana pwani nyingi duniani utakuta mabodi mawili yamelala kwenye majani yamepigwa jua na mwenyewe hayupo.

Cha tano ni kama utaweza kumaliza, na mafundi wa hapa wataweza kukusaidia kiasi gani.

Ya mtindo wa Wharram

James Wharram alikuwa Mwingereza, alizaliwa 1928 na kufariki 2021. Mwaka 1955 mpaka 1956 alivuka Atlantiki na wanawake wawili wa Kijerumani kwenye katamarani aliyoiunda mwenyewe, Tangaroa, futi 23 na nusu tu. Mchoro wake mdogo wa Tiki 21, wa futi 21, umezungushwa dunia nzima na Rory McDougall kuanzia 1991 mpaka 1997. Kwa hivo swali la kama zinahimili bahari limeshajibiwa.

Kubisha ndo udhaifu wake. Michoro mingi haina daga, inategemea ile V ya bodi kushika maji, na V inashika lakini si kama ubao mrefu uliosimama. Ikiwa na matanga mazuri na imepakiwa kidogo inabisha kwa heshima, ikizidishiwa mzigo na matanga yamelegea inakuwa ile ya digrii 60 niliyoieleza. Pia kugeuza goshi, yani kupitisha omo kwenye upepo uende upande wa pili, kwenye wimbi fupi kunataka uipe mwendo kwanza, ukiigeuza pole pole inasimama uso kwa uso na upepo na kurudi nyuma.

Mwendo wa upepo wa ubavuni na wa nyuma ni mzuri sana, laini, na kwa kuwa sitaha iko wazi mawimbi hayana cha kugonga kwa chini. Ila mabodi ni membamba na mzigo unaonekana mara moja. Hesabu ya haraka kwa mabodi ya mita 9 yenye upana wa sentimita 60 kwenye maji: kila kilo 75 hadi 80 zinazama sentimita 1, watu 10 wazima ni sentimita 9. Mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa habari ya kuzidisha mzigo, tunaikumbuka meli ya Spice Islander iliyozama 2011.

Kupwelewa inakaa vizuri, inazama chini ya mita moja, na usukani uko nyuma ya bodi umekingwa.

Gharama ni ndogo kuliko zote tatu kwa urefu ule ule, mana hakuna nyumba katikati, mlingoti ni mfupi, mashine moja ya nje ya hosipawa chache inatosha kwa zile ndogo, na boriti zinafungwa kwa kamba badala ya vyuma vya gharama. Mabodi unayaanzia kwa kushona plaiwudi na waya wa shaba halafu unaziba kwa epoksi (gundi ya kuchanganya) na faiba. Pwani hii iliwahi kuwa na mitepe, vyombo vya zamani vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, na ngarawa mpaka leo matengo yake, yale maboya ya mbao ya ubavuni, yanafungwa kwa kamba, kwa hivo fundi wa Nungwi au wa Pemba ukimuonesha mchoro huu hashangai, anakuuliza tu gundi ni ya aina gani.

Inamfaa nani: anaetaka kuwa baharini haraka kwa pesa kidogo, anaelala popote, familia isiyodai stoo na friji. Haimfai anaetaka kusimama wima kila pahala ndani, wala mwenye mama mzee atakaetaka kukaa pamoja na wenziwe mvua ikinyesha, kwa sababu kutoka bodi hii kwenda ile unapita nje.

Ya plaiwudi yenye nyumba katikati

Hii ndo wengi wanaitamani wakiwa na familia. Unaingia ndani kuna meza, jiko, madirisha pande zote, ngazi ya kushukia vyumba kila upande. Richard Woods, ambae aliwahi kufanya kazi na Wharram kabla ya kuchora za kwake, ana michoro ya plaiwudi ya aina hii, na wapo wengine.

Kubisha inategemea ile mikuku mifupi. Inabisha kuliko V tupu na haifikii daga, na nyumba yenyewe inashika upepo. Wakati wa kaskazi kali kwenda Pemba mtu mwenye hii mara nyingi atawasha mashine, na mimi naona hilo si aibu, bora kulipanga kwenye bajeti ya mafuta toka mwanzo kuliko kujidanganya.

Mwendo ni wa wastani, noti 6 mpaka 7 kwa safari ya kawaida ni matarajio ya haki. Faida yake ni kubeba. Mabodi yenye upana wa sentimita 90 badala ya 60, kwa urefu ule ule wa mita 9, yanachukua kilo 110 na zaidi kwa kila sentimita 1, kwa hivo mboga, maji na wageni havikuharibii sana. Cha kuangalia ni nafasi kati ya maji na sakafu ya ile nyumba. Ikiwa chini, wimbi la Mkondo wa Pemba linagonga kwa chini usiku kucha mpaka sahani zinaruka, na hapana dawa ukishaunda. Mimi mchoro wa futi 30 na kitu wenye nafasi chini ya nusu mita ikiwa imepakiwa singeuchukua hata kwa bure.

Kupwelewa hapa ndo bingwa. Inakaa juu ya mikuku yake kama meza, usukani na panga za mashine haziguswi na mwamba, na mkuku ukikwaruzwa unaubandika faiba nyengine.

Gharama inapanda vizuri tu. Plaiwudi inaweza kuwa karibu mara mbili ya ile ya Wharram ya urefu ule ule, madirisha ni pesa, mbao za ndani ni pesa, na utataka mashine mbili. Muda pia. Kazi ya ndani, makabati na vitanda na mabomba, ndo inayokula miaka, si mabodi.

Inamfaa anaetaka kuishi ndani au kuchukua wageni wa kulala, na mwenye subira na kipato kinachoingia kila mwezi.

Ya povu na faiba yenye daga

Kubisha hapa hakuna ubishi. Daga zikiwa chini inashika zile digrii 45 na hata chini ya hapo, ukifika unazipandisha unaingia maji ya magoti. Kwa mwendo ukiwa nyepesi noti 8 mpaka 10 ni kitu cha kawaida upepo ukiwa mzuri. Ila lazima niseme wazi: chombo cha bodi moja kikizidiwa kinalala kwanza, unaona hatari. Katamarani hailali, inakaa sawa mpaka inapoinua bodi, na ikipinduka hairudi. Kwa hii nyepesi yenye mlingoti mrefu unapunguza tanga kwa kuangalia kipimo cha upepo, usisubiri moyo ukutume, na usiku wingu la mvua likionekana unapunguza kabla halijafika. Mambo hayo yanahusu zote tatu, lakini hii ndo inayokupa muda mdogo zaidi.

Na mzigo inauchukia. Ukiitia kila kitu unachotaka umenunua wepesi kwa bei kubwa halafu umeutupa.

Kupwelewa inakaa, ila ngozi ya faiba ni nyembamba na jiwe moja chini ya bodi linaweza kutoboa mpaka kwenye povu, kisha maji yanaingia humo. Na ukigonga mwamba daga ikiwa chini, kinachovunjika si ubao tu, ni na kile kisanduku chake kilichojengwa ndani ya bodi, ukarabati mkubwa.

Gharama kubwa kuliko zote. Povu lenyewe huliokoti madukani Darajani wala Mwanakwerekwe, ni la kuagiza kwa kontena pamoja na faiba ya aina maalum, na ukikosea kipimo ukapungukiwa karatasi mbili unasubiri meli. Rangi lazima iwe nyeupe, mana jua letu likipiga rangi ya kiza epoksi iliyokauka bila ya kupashwa moto inaanza kulegea. Fundi wa mbao hapa atakusaidia kidogo, unamtaka mtu aliyezoea faiba na anaejua kuvuta hewa kwa pampu.

Inamfaa baharia hasa, anaesafiri mbali akiwa na watu wawili watatu, anaependa kubisha, na pesa yote iko mkononi kabla hajaanza.

Epoksi na plaiwudi katika hali ya hewa yetu

Hili linagusa zote tatu na ndipo chombo kinapoharibika kabla hakijaona maji. Epoksi kila joto likizidi digrii 10 muda wa kuitumia unapungua kwa nusu hivi. Ukichanganya kopo zima saa 7 mchana ukageuka kutafuta brashi, ukirudi kopo linafuka moshi na limekuwa jiwe. Chukua hadina (dawa ya kugandisha epoksi) ya pole pole, changanya kidogo kidogo, mimina kwenye sinia pana isirundikane, na kazi kubwa fanya alfajiri. Kisha kuna unyevu wetu: ukiamka asubuhi ukipitisha kidole juu ya kazi ya jana utahisi utelezi kama nta. Huo usiupige msasa ukavu, unausukuma ndani tu na rangi itakuja kubanduka. Osha kwa maji safi na kisugulio, futa, ndo upige msasa. Masika usipake kitu bila ya paa zuri. Na epoksi haipendi jua, ikishakauka ipigwe rangi isikae mtupu miezi.

Plaiwudi nayo, ile marini bodi inayouzwa kwa ajili ya kumwagia zege si ya vyombo, jina lisikuponze. Ndani yake kuna matundu na epoksi haishiki kwenye ule uso wake unaong'aa. Karatasi yoyote unayoitilia shaka kata kipande cha kiganja, kichemshe masaa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena. Kikiachana usinunue. Ya mbao ya okume yenye alama ya BS 1088, kipimo cha plaiwudi ya vyombo, ni nyepesi, karatasi ya milimita 6 inakaribia kilo 8 au 9, na usishawishike kuweka mvule kila pahala kwa sababu eti haiozi. Mvule ni mbao ya maana kwa mkuku na pahala penye kusuguana, lakini ni nzito na katamarani uzito unakurudia kwenye kila tanga unalolipandisha. Vile vile resini ya kawaida ya faiba ni rahisi kuliko epoksi ila juu ya mbao haishiki kwa miaka, maji yanapita kati, mbao inaoza ndani na nje huoni kitu.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama pesa inakuja kidogo kidogo na unataka uwe baharini ndani ya miaka michache, chukua mtindo wa Wharram na chukua mdogo, futi 26 au 30. Unaunda bodi moja, unapumzika, unaunda la pili, na banda halihitaji upana wa chombo kizima mana unakuja kuvifunga pwani.

Kama safari zako nyingi ni Pemba kwenda na kurudi misimu yote na ratiba haikusubiri upepo, basi ni ama ya povu na daga, au ya nyumba yenye mashine mbili, na hapo linganisha bei ya daga na bei ya mafuta ya miaka 10 kabla hujaamua.

Kama unakaa sehemu za mwamba na mchanga, Kojani, Tumbatu, Makunduchi, pahala ambapo chombo kitapwelewa kila siku, ya mikuku mifupi ndo itakayokaa muda mrefu bila ya kukusumbua, na ya V inafuata.

Kama unataka wageni wa jua kuzama na wa kwenda kisiwa cha Misali, sitaha wazi ya Wharram wageni wanaipenda sana na ni rahisi kusafisha, lakini wa kulala ndani watataka nyumba. Kwa vyovyote nenda Mamlaka ya Usafiri Baharini na mchoro mkononi kabla hujakata ubao wa kwanza, uliza wanataka nini kwa chombo cha abiria, mana kubadilisha mlango wa dharura kwenye karatasi ni bure.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, omba mwenye chombo wa aina hiyo akuchukue siku ya kaskazi kali, akubishie kutoka bandarini Malindi mpaka Chapwani na kuendelea, wewe kaa ndani ya bodi la demani, lile la upande upepo unakokwenda, nusu saa na mlango umefungwa. Usikilize mawimbi, uangalie maji yanapita wapi, umuulize mwenyewe amelipa nini mwaka huu na nini kimevunjika.